Mary Breckinridge: muuguzi aliyeuliza kwanza, kisha akarudi darasani

Muuguzi akishafanya kazi miaka michache, swali hili humfikia: niendelee hivi hivi, au nirudi chuoni? Na nikirudi, nisomee nini? Wengine huvutwa na chumba cha upasuaji, wengine afya ya akili, wengine ukunga, wengine utawala. Familia nayo ina maoni yake, kwa sababu ada ni kubwa na mshahara unasubiriwa nyumbani.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya mwanamke aliyekutana na swali hilo akiwa na umri wa miaka 42. Jina lake ni Mary Breckinridge, Mmarekani aliyefariki mwaka 1965. Anakumbukwa kwa kuanzisha huduma ya wauguzi wakunga waliopanda farasi milimani, katika jimbo la Kentucky. Tumemchagua kwa sababu ya namna alivyofikia uamuzi wake wa kusomea ukunga.

Mtoto wa familia kubwa

Mary alizaliwa tarehe 17 Februari 1881 katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Familia yake ilikuwa na jina. Babu yake aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, na baba yake alikuwa mbunge, kisha mwakilishi wa Marekani nchini Urusi. Kwa hiyo Mary alikulia katika nchi zaidi ya moja. Alifundishwa na walimu wa nyumbani, akasoma pia Uswisi, akakijua Kifaransa vizuri.

Binti wa tabaka lake hakutarajiwa kufanya kazi ya mshahara. Alitarajiwa kuolewa, naye akaolewa mwaka 1904 na mwanasheria. Miaka miwili baadaye mume wake alifariki, na Mary akabaki mjane akiwa na miaka 25.

Hapo ndipo alipoingia uuguzi. Alijiunga na shule ya uuguzi ya hospitali ya St. Luke's mjini New York, akahitimu mwaka 1910. Lakini hakuendelea na kazi hiyo moja kwa moja. Mwaka 1912 aliolewa tena, safari hii na mkuu wa chuo cha wasichana katika jimbo la Arkansas. Akawa anafundisha hapo Kifaransa na masomo ya afya.

Vifo viwili vya watoto

Mwaka 1914 alimzaa mtoto wa kiume, ambaye nyumbani walimwita Breckie. Mwaka 1916 alimzaa binti, Polly, kabla ya mimba kutimia. Polly aliishi saa chache tu. Kisha Januari 1918, siku chache baada ya kutimiza miaka minne, Breckie naye akafariki kwa ugonjwa.

Mary alikuwa muuguzi aliyefunzwa katika hospitali ya jiji kubwa, mwenye uwezo wa kumwita daktari yeyote, na bado watoto wake wote wawili walikufa. Ndoa nayo ikavunjika. Baada ya talaka alirudia jina la ukoo wake, Breckinridge, na akaamua kuwa maisha yake yaliyobaki yatakuwa ya watoto wa watu wengine, hasa wale wa vijijini wasio na huduma.

Alichokiona Ufaransa

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mary alikwenda Ufaransa na kamati ya Wamarekani iliyosaidia maeneo yaliyobomolewa na vita. Alipangiwa wilaya ya Aisne, kaskazini mwa nchi. Akaanzisha mpango wa kuwatembelea akina mama wajawazito na watoto wadogo. Maziwa yalikuwa haba, kwa hiyo aliwaomba marafiki zake Marekani fedha za kununua mbuzi wa maziwa.

Huko alikutana na wauguzi wa Uingereza ambao pia walikuwa wakunga. Kwao, mtu mmoja aliweza kumhudumia mgonjwa wa homa asubuhi na kumzalisha mama usiku. Marekani ya wakati ule haikuwa hivyo. Muuguzi alikuwa muuguzi tu. Uzazi ulikuwa wa daktari kwa wenye fedha, na wa mkunga wa jadi kwa maskini. Mary aliona kwamba kijiji kisicho na daktari kinamhitaji mtu mwenye elimu zote mbili.

Tunaomba msomaji aone jambo moja hapa. Mary hakurudi nyumbani na kuanza kazi papo hapo. Kwanza alisoma uuguzi wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kisha, kabla ya kujiandikisha kwa masomo ya ukunga, akaenda kuuliza.

Kiangazi cha farasi na maswali

Mwaka 1923 alikwenda milima ya mashariki ya Kentucky. Katika kaunti ya Leslie waliishi watu wapatao 10,000, na hapakuwa na barabara ya magari. Njia ilikuwa mkondo wa mto au ukingo wa mlima. Alisafiri mamia ya kilomita akiwa amepanda farasi na nyumbu, kaunti tatu nzima, akiwatafuta wakunga wa jadi mmoja mmoja.

Alizungumza na zaidi ya 50. Wengi walikuwa wanawake wa umri mkubwa. Aliwauliza walijifunzaje kazi hiyo, wanatumia vifaa gani, wanafanya nini mama akitokwa na damu nyingi au mtoto akilala vibaya tumboni. Alikuta wengi wao hawakuwahi kupata mafunzo yoyote, na jambo likiharibika hawakuwa na pa kumpeleka mama.

Hivyo ndivyo alivyojua asomee nini. Hakuchagua ukunga kwa sababu ulikuwa na heshima, maana nchini mwake ulidharauliwa. Wala haukuwa rahisi kuupata. Aliuchagua kwa sababu alikwenda mahali alipotaka kufanya kazi, akakuta ndiyo elimu iliyokosekana.

Mwanafunzi wa miaka 42

Marekani haikuwa na shule ya kumfanya muuguzi awe mkunga kamili wa aina aliyoitaka. Basi akavuka bahari. Alisoma katika hospitali ya akina mama na watoto huko Woolwich, London, akafanya mtihani na kupata cheti cha ukunga cha Uingereza mwaka 1924.

Cheti pekee hakikumtosha. Alikwenda Uskoti, kwenye milima na visiwa vya kaskazini, kuangalia huduma ya serikali iliyokuwa imeweka wauguzi katika vijiji vya mbali. Alitaka kujua muuguzi mmoja ahudumie eneo la ukubwa gani, nani alipe, daktari aitwe lini. Kisha akarudi London kuongeza mafunzo ya ukunga. Alijua kuwa ujuzi wa mikono ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni mpango wa kuufikisha ujuzi huo kwa mama aliye ng'ambo ya mto.

Wauguzi juu ya farasi

Mei 1925 Mary alianzisha kamati ya akina mama na watoto wa Kentucky, ambayo tangu 1928 iliitwa Frontier Nursing Service. Kazi ilianzia Hyden, kaunti ya Leslie. Mwanzoni alitumia fedha zake mwenyewe, na baadaye akazunguka miji mikubwa akiwahutubia matajiri na kuomba michango.

Mpango ulikuwa hivi. Vituo vidogo vilijengwa milimani, na kila kimoja kilihudumia nyumba zilizo umbali wa kama kilomita 8 kila upande, ili muuguzi afike kwa farasi bila kuchelewa sana. Vifaa vya uzazi vilikaa ndani ya mikoba iliyofungwa kwenye tandiko, tayari wakati wote. Mwaka 1928 hospitali ndogo ilifunguliwa Hyden kwa wale walioshindikana nyumbani.

Wauguzi hawakusubiri uchungu uanze. Walimtembelea mjamzito mara kwa mara, wakampima na kuandika. Walikuwa na mwongozo ulioandikwa na madaktari, unaoeleza wanaruhusiwa kufanya nini wenyewe na ni dalili zipi zinahitaji daktari. Baada ya mama kujifungua, waliendelea kumtembelea yeye na mtoto. Na kwa sababu walikuwa wauguzi pia, walichanja watoto, wakatibu vidonda, wakafundisha usafi wa choo na maji.

Malipo yalikuwa dola 5 kwa huduma yote ya uzazi, na dola 1 kwa mwaka kwa familia nzima kwa uuguzi wa kawaida. Asiye na fedha alilipa kwa kuku, kwa chakula cha farasi au kwa kazi ya mikono.

Hesabu za uzazi

Mary alisisitiza kuandika kila kitu. Alijua wapo watakaosema muuguzi hawezi kuzalisha salama bila daktari kando yake, na kwamba jibu litatoka kwenye daftari.

Kampuni kubwa ya bima ya maisha ilichambua kumbukumbu za uzazi 1,000 wa mwanzo. Ilikuta hakuna mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na ujauzito au uzazi. Wawili walikufa, mmoja kwa ugonjwa wa moyo na mwingine kwa ugonjwa wa figo. Katika takriban miaka 30 ya kwanza, vifo vya uzazi katika huduma hiyo vilikuwa kama 9 kwa kila uzazi 10,000, wakati kwa Marekani nzima vilikuwa kama 34. Na wanawake hawa walikuwa miongoni mwa maskini zaidi wa nchi hiyo, wengi wakijifungulia nyumbani kwenye vibanda vya magogo.

Shule iliyozaliwa na vita

Wakunga wake wengi walitoka Uingereza, au walikuwa Wamarekani waliosomeshwa huko. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza wengi walirudi kwao, na njia ya kupeleka wanafunzi London ikafungwa. Mary alikuwa akipanga shule kwa muda mrefu, na sasa hakukuwa na pa kukimbilia. Novemba mwaka huo huo, shule ya kuwafunza wauguzi ukunga ilifunguliwa pale pale milimani, ikianza na wanafunzi wawili.

Muuguzi hakuhitaji tena kuvuka bahari. Alisomea mahali penye tatizo lile lile ambalo angekwenda kupambana nalo. Shule hiyo leo ni Frontier Nursing University, na wanafunzi wake wengi husoma kwa masafa huku wakiishi katika jamii zao.

Mary mwenyewe alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1931 na kuvunjika uti wa mgongo, akavaa mkanda wa chuma maisha yake yote yaliyofuata. Aliendelea kuiongoza huduma hiyo mpaka alipofariki nyumbani kwake Wendover, kaunti ya Leslie, tarehe 16 Mei 1965, akiwa na miaka 84.

Doa katika historia yake

Hatutakuwa wakweli tukimsifu tu. Mary alishikilia mawazo ya ubaguzi wa rangi yaliyoenea katika tabaka lake, na hakuwapa wauguzi weusi nafasi katika huduma yake. Wakunga wa jadi nao, wale aliowasafiria na kuwahoji, aliwaona zaidi kama tatizo la kuondolewa kuliko wenzake wa kufundishwa. Katika majimbo mengine ya kusini mwa Marekani, wakunga weusi ndio waliobeba uzazi wa vijijini kwa miaka mingi. Aliyeokoa akina mama wengi aliwafungia wengine mlango, na historia yake inapaswa kubeba yote mawili.

Tunachojifunza tukichagua masomo

Hapa kwetu mambo yanatofautiana na ya Kentucky. Tanzania, kwa mfano, uuguzi na ukunga vinasimamiwa na baraza moja, na wauguzi wengi wanasoma vyote viwili tangu mwanzo. Juu ya hapo, mtu anaweza kupanda kutoka cheti hadi stashahada, shahada na shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kina uzamili wa uuguzi katika fani kadhaa, ukiwemo ukunga na huduma ya wagonjwa mahututi. Milango ipo mingi kuliko aliyokuwa nayo Mary.

Lakini mpangilio wa hatua zake unafaa hata leo. Kabla ya kujaza fomu, angalia daftari la zahanati unayofanyia kazi. Wagonjwa wa aina gani mnawapa rufaa kila mwezi kwa sababu hakuna anayejua kuwahudumia? Ni vifo gani vinavyojirudia? Waulize wakunga, wahudumu wa afya ya jamii na akina mama wenyewe. Kisha tafuta kozi inayojibu hilo, na uliza mapema kama kituo chako kitakuwa na vifaa vya kukuwezesha kuutumia ujuzi huo utakaporudi.

Na kwa mzazi au mwenzi anayesikia nyumbani kwamba muuguzi wenu anataka kurudi shule katika umri wa makamo, msimkatishe tamaa kwa sababu ya umri. Muulizeni amechagua nini, na amechagua kwa ajili ya nani.