Ngongo Lutete, Mkuu wa Vita wa Lomami

Watoto wa Mikelenge, katika mji wa Kindu, wanaujua vizuri mto Lualaba. Kila siku maji yake hutoka kusini, upande wa Nyangwe na Kasongo, yakashuka kwenda kaskazini. Zamani, kabla ya reli, mto huo ulichukua mitumbwi ya pembe za ndovu na ya watumwa. Siku zile aliishi mtu mmoja ambaye watu walimwogopa toka Lomami mpaka Lualaba. Jina lake lilikuwa Ngongo Lutete.

Ngongo hakuanza maisha yake kama mkubwa. Alipokuwa mtoto alifanywa mtumwa, akaangukia mikononi mwa watu wa Tippu Tip. Huyo Tippu Tip alikuwa tajiri wa Unguja, naye aliitawala nchi ya Manyema kwa biashara na kwa bunduki. Watumwa wengi walipelekwa mbali, wasiwaone tena mama zao. Lakini vijana wengine waliwekwa kuwa watu wa vita. Walibeba bunduki za wakubwa wao, na baadaye wakapewa zao wenyewe.

Huko ndiko Ngongo alikojifunza vita. Alijifunza kushindilia baruti na risasi upesi, kuvizia njiani, kujenga boma la miti, na kutii amri bila kuuliza. Akawa hodari kuwapita wenzake. Kwa ajili ya ushujaa wake alipewa uhuru. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane alikuwa na bunduki moja tu. Kwa bunduki hiyo moja alianza kukusanya watu.

Basi kikosi chake kikakua mwaka kwa mwaka. Ngongo akafanya makao yake Ngandu, karibu na mto Lomami, kusini-magharibi ya Kindu. Hapo alijenga mji mkubwa wenye boma imara.

Watu wake walitoka makabila mengi: Watetela, Wakusu, Wasongye na wengine. Wengi walitekwa wangali vijana, kama yeye mwenyewe alivyotekwa. Ngongo aliwatazama kwa makini. Aliyekuwa mwoga alipewa mzigo, na aliyekuwa hodari alipewa bunduki. Aliyejua kuongoza wenzake alifanywa nyampara, akapewa watu wa kuwaamuru. Hivyo Ngongo hakuwa na askari tu, alikuwa na wakubwa wa askari pia. Hata asipokuwapo, kazi iliendelea. Safarini alikwenda kwa miguu pamoja na walinzi wake, kwa mwendo wa kasi kabisa, na watu wengine walishindwa kumfuata.

Lakini nguvu hiyo yote ilitumika kwa kazi gani? Hapo ndipo penye huzuni. Ngongo aliwinda watu na pembe kwa ajili ya Tippu Tip. Vijiji vilichomwa moto, mashamba yakaachwa, na watu wakafungwa kamba shingoni. Wazungu waliofika Ngandu waliona mafuvu ya watu mengi sana kwenye milango ya boma. Yeye aliyeonja uchungu wa utumwa akawaonjesha wengine uchungu huohuo. Alijua kuwafundisha watu kushinda, lakini hakuwafundisha kuhurumia.

Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo akarudi Unguja. Mwanawe Sefu akabaki Kasongo. Wakati huo Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alikuwa akiitafuta nchi hiyohiyo. Dola lake liliitwa Dola Huru la Kongo, nalo lilikuwa na jeshi lililoitwa Force Publique. Maofisa walikuwa Wazungu. Askari walikuwa Waafrika, wengine wametoka pande za mbali. Walifundishwa kusimama mstari, kupiga bunduki pamoja kwa amri moja, na kungoja mpaka waambiwe.

Mwaka 1892 Ngongo alipigana na jeshi hilo, lililoongozwa na ofisa Francis Dhanis. Mwezi wa Aprili na wa Mei Ngongo akashindwa. Aliona kwamba bunduki mpya na mafunzo mapya ni nguvu kubwa. Basi mwezi wa Septemba mwaka huohuo akafanya mapatano na Dhanis, akawaacha Waarabu, akawa rafiki wa Dola.

Sefu aliposikia hayo alikasirika sana. Alitaka Ngongo atolewe kwake, lakini Dhanis akakataa. Vita ikaanza. Tarehe 23 Novemba 1892 jeshi la Sefu lilishindwa vibaya karibu na Lomami. Watu wengi wa Sefu walikufa majini wakijaribu kukimbia. Katika safari yote iliyofuata, watu wa Ngongo walikuwa pamoja na jeshi la Dola. Walijua njia, walijua mito, tena walijua desturi za vita za Waarabu, kwa maana walifundishwa nao. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi lilivuka Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya, likaingia Nyangwe. Tarehe 22 Aprili likauteka mji wa Kasongo. Bila Ngongo na wanyampara wake, kazi hiyo ingalikuwa ngumu mno.

Mtu angedhani kwamba sasa Ngongo angepewa heshima. Sivyo ilivyokuwa. Aliporudi Ngandu, maofisa wachache waliokuwa huko walisikia maneno kwamba anataka kuwaasi Wazungu. Maneno hayo yalitoka kwa watu, na huenda wengine walikuwa adui zake. Maofisa hawakungoja. Hawakumwuliza kwanza Dhanis, aliyekuwa mkubwa wao, naye alikuwa mbali, Kasongo. Walimkamata Ngongo, wakamweka mbele ya baraza la askari, wakamhukumu kufa.

Dhanis alipopata habari alishtuka. Mara moja akamtuma ofisa wake Hinde, aliyekuwa daktari Mwingereza, aende Ngandu upesi kuizuia hukumu. Hinde alisafiri kwa haraka, lakini njia ilikuwa ndefu. Tarehe 15 Septemba 1893 Ngongo Lutete alipigwa risasi katika mji wake mwenyewe. Hinde alifika siku mbili baadaye. Alikuta kaburi.

Je, habari iliishia hapo? La. Walinzi na askari wa Ngongo walikuwa wangali hai. Wengi walitiwa katika Force Publique, wakapelekwa Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Walikuwa askari hodari, lakini mioyoni walibeba kifo cha bwana wao. Tena huko walitendewa kwa ukali, wala hawakupata haki yao. Tarehe 4 Julai 1895 wakaasi. Walimwua kapiteni wao aliyeitwa Pelzer, wakafunga safari kurudi upande wa Lomami. Wazungu waliyaita hayo maasi ya Batetela, ingawa waasi walikuwa wa makabila mengi. Njiani walivishinda vikosi vya Dola mara kadhaa. Hawakupotea ovyo kama kundi lisilo na mchungaji, maana miongoni mwao walikuwamo watu waliozoea kuongoza. Ilichukua miaka mingi kabla ya vikundi vya mwisho kunyamaza. Watu wengi walikufa, askari na wanavijiji pia, kwa sababu ya hukumu moja ya haraka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na ndivyo ilivyokuwa.

Tumkumbuke vipi Ngongo Lutete? Tusimfanye mtakatifu, kwa maana mikono yake ilikuwa na damu ya watu wasio na kosa. Wala tusiseme kwamba waliomwua walitenda haki, maana walimhukumu kwa uvumi. Alikuwa mtoto mtumwa aliyekuwa mkuu wa vita. Aliweza kumwona kijana mnyonge na kumfanya kiongozi. Kipawa hicho ni kikubwa. Lakini anayewafundisha wengine kuongoza hana budi kuwafundisha pia mambo mawili: kuwalinda wanyonge, na kusikiliza kabla ya kuhukumu. Ngongo hakuyafundisha hayo, na wale waliomhukumu hawakuyajua.

Maswali
1. Ngongo alijifunza vita kwa nani, na kwa njia gani?
2. Ngongo aliwachaguaje wanyampara wake?
3. Kwa nini watu wake walilisaidia sana jeshi la Dhanis?
4. Maofisa wa Ngandu walikosa nini walipomhukumu Ngongo?
5. Ni mambo gani yaliyowafanya askari wa Luluabourg waasi mwaka 1895?