Katharine Blodgett, aliyekiondolea kioo mng'ao
MWANAFIZIKIA Katharine Blodgett alizaliwa Januari 10, 1898, mjini Schenectady, Marekani, majuma machache baada ya baba yake, mwanasheria wa kampuni ya General Electric, kuuawa na mwizi nyumbani.

Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia Chuo Kikuu cha Cambridge.

Katika kampuni ile ile ya marehemu, akishirikiana na Irving Langmuir, alichovya kioo kwenye maji yaliyotandwa asidi ya mafuta. Kila mara liliongezeka tabaka lenye unene wa molekuli moja tu. Mwaka 1938 alitangaza tabaka 44, na kioo kikaacha kuakisi mwanga. Tatizo, utando huo ulifutika hata kwa kidole. Wengine wakabuni ulio mgumu zaidi.

Hata hivyo, maabara zingali zikitumia mbinu yake, hata kupanga protini.

Alifariki dunia Oktoba 12, 1979, mjini alikozaliwa.