Louis Blériot, fundi wa taa

Louis Blériot alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Cambrai, nchi ya Ufaransa. Alisoma ufundi wa mitambo mjini Paris.

Siku zile motokari zilikuwa chache, na taa zake zilikuwa hafifu. Nyingine ziliwaka kwa mafuta, nyingine kwa mshumaa. Usiku dereva hakuona mbele. Blériot akatengeneza taa yenye nguvu. Maji yalidondoka polepole juu ya kabidi, kitu kigumu kama jiwe, na hapo ikatoka hewa ya kuwaka iitwayo asetilini. Hewa hiyo ilipowashwa ilitoa mwanga mweupe, na kioo kilichokuwa nyuma yake kiliutupa mwanga mbali barabarani. Mwaka 1897 alianza kuziuza taa hizo. Wenye motokari walizipenda, naye akapata mali nyingi.

Lakini moyo wake ulitamani kuruka angani. Faida ya taa akaitumia kuunda ndege. Ndege ya kwanza haikuruka kabisa. Nyingine zilianguka na kuvunjika. Kila mara aliokota vipande, akatafuta kosa, akaunda nyingine. Mali yake ikaisha karibu yote, na mali ya mkewe pia.

Gazeti moja la London liliahidi pauni 1,000 kwa mtu wa kwanza atakayeruka kwa ndege juu ya bahari nyembamba iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Wakati huo Blériot alikuwa na jeraha la moto mguuni, akatembea kwa magongo. Hata hivyo, tarehe 25 Julai 1909, jua lilipochomoza, alipanda ndege yake karibu na Calais. Hakuwa na dira. Kwa muda wa dakika kumi hivi hakuona nchi kavu upande wowote. Mwisho aliona miamba ya Uingereza, akatua Dover. Safari yote ilichukua dakika 37 hivi. Ndege iliumia ilipogusa chini, lakini Blériot alikuwa mzima.

Baada ya siku hiyo watu wengi walitaka kununua ndege kama yake, naye akapata mali tena. Alikufa mwaka 1936.

Baadaye motokari zilipata taa za umeme. Sasa taa za Blériot ni adimu, nao wapenda motokari za kale huzitunza sana. Taa hizo zilimulika barabara, na faida yake ikamwezesha fundi wake kuvuka bahari.