Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi aliyemleta Bwana Msa

Mtu mwenye mali anakutwa amekufa pahali pa mizimu, kule wanakijiji wanapoogopa hata kupita. Kwa wengi hakuna haja ya kutafuta sana: wazee wa kale wamekasirika, wamechukua mtu wao. Kisha anaingia bwana mmoja mtulivu, kiko mdomoni, ambaye si polisi na si mganga. Yeye anaanza kuuliza maswali.

Hilo ndilo fumbo la Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Bwana wa kiko anaitwa Bwana Msa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na wengi wanamhesabu kuwa baba wa riwaya za upelelezi kwa Kiswahili. Kandokando ya ziwa Tanganyika jina lake si geni kwa wasomaji, sana sana wale waliokimbia vita tangu 1996, wakakaa Lugufu ao Nyarugusu, wakarudi Baraka na Fizi wakiwa wamezoea Kiswahili na vitabu vya upande ule.

Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Makunduchi inajulikana kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, na watu wake wana Kiswahili chao cha pekee ambacho hata mtu wa mjini Zanzibar anaweza kushindwa kukifuata. Ni nchi ya Waislamu, lakini pia ni nchi ya mizimu. Kuko mapango na mawe ambapo watu walipeleka ubani na vitambaa, wakiomba afya ao mtoto. Abdulla hakusoma habari hizo kwenye vitabu vya wazungu. Alikua katikati yake.

Alisoma shule ya misioni, akamaliza mwaka 1938. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kalamu. Alikuwa mkaguzi wa idara ya afya, na alifanya kazi hiyo karibu miaka 10. Waandishi wengi wanapita haraka hapa, nayo ni kosa. Wakaaji wa Baraka, ambao wameishi na kipindupindu miaka mingi, wanajua mtu wa afya anafanya kazi namna gani. Anauliza maji yalichotwa wapi, nani aliugua wa kwanza, alikula kwa nani, alilala nyumba gani. Hatafuti nani ana macho mabaya, anatafuta kisima. Ukisoma Bwana Msa akiuliza maswali yake madogo madogo, yale yanayoonekana hayana maana, ni vigumu usimuone mkaguzi wa afya nyuma yake.

Mwaka 1948 alibadilisha maisha, akawa mhariri wa gazeti Zanzibari. Miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Ilikuwa miaka ya moto katika siasa ya Zanzibar, na magazeti hayo hayakuwa na mtazamo mmoja. Mtu aliyepita katika vyumba vyote hivyo alisikia habari moja ikisimuliwa kwa namna mbili ao tatu, na kila msimulizi akiapa kwamba ndiyo kweli yenyewe. Mwaka 1958 akachukua uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akabaki hapo mpaka alipopumzika kazi mwaka 1968.

Ni wakati huohuo alipoingia mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958, yaliyotayarishwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la serikali za kikoloni za Afrika Mashariki. Akashinda nafasi ya kwanza. Hadithi iliyoshinda ndiyo ikawa Mzimu wa Watu wa Kale. Alikuwa na miaka 40, mtu wa ofisi, mhariri wa habari za mashamba.

Wengine wanasema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu. Si uongo wote. Holmes, aliyetungwa na Mskoti Arthur Conan Doyle na kutokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1887, naye anavuta kiko, naye si polisi, naye ana rafiki wa kutembea naye, daktari Watson. Bwana Msa anaye Najum. Kazi ya Najum ni ile ya Watson: kushangaa, kukosea, na kuuliza yale msomaji angependa kuuliza. Hata jina la Msa lina mchezo wake, maana M, S na A ndizo herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi mwenyewe.

Lakini tofauti iko, na ni kubwa. Holmes anaangalia majivu ya sigara na matope ya kiatu katika London, muji mkubwa ambapo jirani hamjui jirani. Zanzibar ya Bwana Msa kila mtu anajua kila mtu, ao anafikiri anajua. Siri haiko kwenye matope, iko ndani ya ukoo: nani alimzaa nani, nani alioa kwa siri, mali ya marehemu ilipaswa kwenda kwa nani. Bwana Msa anafungua ndoa za zamani na urithi kama mtu anayefungua mafundo ya wavu. Mtu wa Fizi aliyewahi kukaa kwenye baraza la ukoo kuamua shamba la marehemu hatahitaji kufasiriwa.

Kwa vijana wengine, mpelelezi wao ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Tanzania mwenye bastola, ambaye katika Kikosi cha Kisasi cha 1979 anatumwa mpaka Kinshasa. Gamba anakimbia, anapiga, anapendwa na wanawake. Kwa safari ya usiku kwenye boti, Gamba anapitisha muda vizuri zaidi. Lakini anapambana na maadui wanaojulikana tangu mwanzo. Bwana Msa anapambana na kitu kigumu zaidi, yaani jibu ambalo watu wote wamekwisha kulikubali mbele ya mtu yeyote kuchunguza.

Hapo ndipo kitabu cha 1960 kinagusa maisha ya Baraka, Mboko na Lulimba. Kijana akifa ghafla, mara nyingi swali la kwanza kwenye kilio si amekufa na ugonjwa gani. Swali ni nani amemuua. Jina linatajwa kwa sauti ndogo, na mara nyingi ni la mzee ao mama mjane asiye na mtu wa kumtetea. Kisha wanaitwa watu wa kutafuta wachawi, wanalipwa, na kesho yake kuko nyumba imechomwa. Sheria ya Congo inaazibu majaribio ya namna hiyo, lakini sheria inafika ikiwa imechelewa. Na aliyenufaika na kifo, kama yuko, anabaki amekaa kwenye kilio na wengine, analia nao.

Abdulla alilijua jambo hilo. Hakuandika kitabu cha kuwacheka wanaoogopa mizimu, na pengine ndiyo sababu watu wa nchi yake walikipokea. Woga wao ameueleza kwa heshima. Alichokataa ni woga huo utumike kumficha muuaji. Akarudia njia hiyo katika Kisima cha Giningi, mwaka 1968. Giningi, kwa Wazanzibari, ni kule wachawi wanakokutana usiku. Abdulla alichukua jina linalotisha kuliko yote, akaliweka juu ya hadithi ya upelelezi.

Katikati ya vitabu hivyo viwili yalipita mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, kisha muungano na Tanganyika. Wachambuzi wengine walimlaumu kwamba Bwana Msa anaendelea kuishi katika Zanzibar ya zamani, kama vile hakuna kilichotokea. Lawama hiyo ina uzito kwa mtu aliyekuwa mwandishi wa habari. Yeye alishika njia yake ya familia na siri zake.

Alipoacha kazi ya Mkulima aliandika kwa haraka zaidi. Duniani Kuna Watu kilitoka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Kisha kimya cha miaka 8. Kilichofuata, mwaka 1984, alikiita Kosa la Bwana Msa: baada ya miaka zaidi ya 20 ya kumuona bwana huyo akifumbua makosa ya wengine, msomaji akakuta kosa limewekwa juu ya jina lake mwenyewe, kwenye jalada. Miaka 7 baadaye, 1991, Muhammed Said Abdulla akafariki.