Obama Mkubwa: Kijana aliyeachwa na ndege ya Mboya

NDEGE ya kukodi iliyoondoka Nairobi Septemba 1959 kuelekea New York ilibeba vijana 81, wengi wao Wakenya, waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani. Safari hiyo iliandaliwa na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza. Katika orodha ya abiria hao, jina la Barack Hussein Obama halikuwemo.

Hakukosa nafasi kwa upungufu wa akili. Waliosoma naye Maseno walimfahamu kama kijana mwepesi wa hesabu na mwenye ulimi mkali zaidi ya umri wake. Alichokosa ni karatasi. Hakuwa na cheti cha shule ya upili, na bila cheti hicho waliokuwa wakichuja majina hawakuwa na msingi wa kumpigia debe. Ni hali anayoifahamu vyema yeyote aliyewahi kumwona mchezaji chipukizi akirejea nyumbani na viatu mkononi baada ya majina ya kikosi kusomwa.

Obama alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Babake, Hussein Onyango Obama, alikuwa miongoni mwa Wajaluo wa kwanza wa sehemu hiyo kuvaa nguo za Kizungu. Alitumikia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akasilimu, kisha akafanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa nidhamu isiyo na masihara. Sahani ilipaswa kuwa mahali pake na mtoto alipaswa kuwa wa kwanza darasani.

Baadaye mzee huyo aliihamisha familia hadi Nyang'oma Kogelo, katika nchi ya Alego walikotoka mababu zake, ng'ambo ya pili ya ghuba. Mama mzazi wa mtoto huyo, Habiba Akumu, hakuvumilia. Aliondoka na kurudi kwao. Familia husimulia kwamba Barack na dadake mkubwa walitoroka kumfuata, wakatembea kwa siku kadhaa kabla ya kurejeshwa. Malezi yake yaliangukia mikono ya mke mdogo wa Onyango, Sarah, ambaye dunia nzima ingekuja kumfahamu kama Mama Sarah.

Alisoma shule ya msingi ya Ng'iya, kisha mwaka 1950 akajiunga na Maseno. Kwa kijana wa Nyanza wakati huo, kuingia Maseno kulikuwa sawa na kushika ufunguo wa nyumba. Shule hiyo iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, ikiwa juu ya mstari wa Ikweta katika barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, ndiyo iliyowapitisha akina Jaramogi Oginga Odinga, Achieng' Oneko na mwanahistoria Bethwell Ogot. Mlango mwembamba wa elimu ya juu ulianzia hapo. Chuo kikuu kilichotoa shahada katika Afrika Mashariki kilikuwa kimoja tu, Makerere, na viti vyake vilihesabika.

Obama aliupoteza ufunguo huo mwenyewe, au alinyang'anywa, kutegemea anayesimulia. Alikuwa mjuaji, mbishi, asiyependa kuamrishwa, na uongozi wa shule haukumtaka tena. Aliondoka Maseno mwaka 1953 bila kumaliza. Onyango alimpokea kwa fimbo, kisha akampeleka Mombasa kufanya kazi ya ukarani. Kazi hiyo aliiacha kwa ugomvi, akaenda Nairobi kujitafutia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kusaga meno. Alikuwa karani katika ofisi mbalimbali huku wenzake wa Maseno wakisonga mbele, baadhi yao hadi Makerere na Uingereza. Alimwoa Kezia, msichana wa Kendu Bay waliyekutana dansini. Mshahara ulikuwa mdogo na majukumu yakaongezeka. Tangu aache shule, hakuna bodi wala kamati yoyote iliyokuwa ikimwangalia kijana huyu kama mtu wa kutarajiwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ndipo alipokutana na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa Kenya kuendesha mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mooney alimwajiri kama karani, lakini haikuchukua muda akagundua kwamba amempata mtu wa kiwango kingine. Alimpa kazi ya kuandika vitabu vya kusomea kwa lugha ya Dholuo. Matokeo yake ni mfululizo uitwao Otieno Jarieko, yaani Otieno mwenye hekima, uliotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1959. Kupitia kwa mhusika huyo, msomaji mpya alijifunza herufi na wakati huo huo mambo ya afya bora na kilimo cha kisasa. Vitabu hivyo havitajwi sana siku hizi, ingawa ndivyo pekee alivyowahi kuchapisha.

Mooney alifanya jambo kubwa kuliko kumpa kazi. Alimhimiza asome kwa njia ya posta ili afidie kile alichokikosa Maseno, akamsaidia kuandika barua kwa vyuo vingi vya Marekani. Wengi hawakujibu au walikataa. Chuo Kikuu cha Hawaii, katika visiwa ambavyo vilikuwa ndio kwanza vinafanywa jimbo la 50 la Marekani, kilikubali. Nauli na sehemu ya gharama zilitoka mfukoni mwa Mooney na rafiki yake, Helen Roberts. Obama aliondoka Agosti 1959, wiki chache kabla ya ndege ya Mboya, akimwacha Kezia na mtoto mmoja, na mwingine akiwa tumboni.

Hapa inafaa kusahihisha jambo ambalo limerudiwa mara nyingi. Machi 2007, katika mji wa Selma, Alabama, mwanawe, aliyekuwa akiwania urais, alieleza kwamba familia ya Kennedy ndiyo iliyolipia safari ya babake. Sivyo ilivyokuwa. Fedha za wakfu wa familia hiyo, dola 100,000, zilitolewa kwa ajili ya safari za mwaka 1960, zile zilizompeleka Marekani Wangari Maathai, na wakati huo Obama alikuwa amekwisha kumaliza mwaka wake wa kwanza Honolulu. Hata safari ya 1959 ilichangiwa na watu wengine, akiwemo Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza mweusi wa enzi mpya katika ligi kuu ya besiboli, ambaye naye alijua maana ya kuwekwa kando na wateuzi. Kundi hilo lilimtumia Obama msaada fulani akiwa tayari chuoni. Lakini mlango aliopitia ulifunguliwa na wanawake wawili, si na kamati.

Huko Hawaii alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Alimaliza shahada ya uchumi kwa miaka mitatu na kuchaguliwa katika jumuiya ya heshima ya Phi Beta Kappa, inayopokea wanafunzi bora peke yao. Februari 1961 alimwoa mwanafunzi mwenzake, Ann Dunham, na Agosti 4 mwaka huo huo akazaliwa mtoto waliyempa jina la babake. Kezia alikuwa bado anasubiri Kenya. Jambo hilo halikumfurahisha Onyango, wala halikuelezwa kwa Ann ukweli wote.

Mwaka 1962 alipewa nafasi mbili za kuendelea na masomo. Chuo kimoja cha New York kiliahidi fedha za kutosha kumchukua pamoja na mke na mtoto. Harvard ilitoa karo tu. Alichagua Harvard. Kwa kijana aliyefukuzwa na Maseno, jina la Harvard lilikuwa na uzito ambao huenda hakuna hoja ya kifamilia ingeushinda. Ann na mtoto walibaki, na mwaka 1964 ndoa ikavunjwa.

Mwaka huo huo Harvard nayo ilimwacha. Alikuwa amefaulu mitihani ya jumla ya udaktari na kilichosalia ni tasnifu. Hati za idara ya uhamiaji ya Marekani, zilizofichuliwa mwaka 2011, zinaonyesha kwamba wakuu wa chuo waliwasiliana na maafisa wa uhamiaji kuhusu fedha zake na mambo yake ya ndoa, kisha wakamweleza kwamba hapakuwa na fedha za kumsomesha zaidi na kwamba afadhali aandikie tasnifu yake Kenya. Kibali chake hakikuongezwa. Ni vigumu kuzisoma hati hizo bila kuhisi kwamba aliyehukumiwa si msomi bali mwanamume mweusi mwenye wake Wazungu. Ni vigumu pia kusema kwamba yeye mwenyewe hakuwapa la kushika.

Alirejea Nairobi mwaka 1964 akiwa na shahada ya uzamili iliyotolewa rasmi mwaka uliofuata. Tasnifu haikuandikwa kamwe. Hata hivyo alijiita Daktari, na wengi wakamwita hivyo. Karatasi ya pili ilikuwa imemponyoka.

Kenya mpya ilihitaji sana watu wa aina yake, na kwa muda mfupi ilionekana kama nyota yake imeng'aa. Julai 1965 alichapisha katika jarida la East Africa Journal makala ya kuchambua Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka huo, uliotangaza Ujamaa wa Kiafrika na ambao mhimili wake alikuwa Mboya, rafiki yake. Obama hakuona haya. Alihoji ni vipi uchumi ungeitwa wa Wakenya ilhali biashara kubwa zilimilikiwa na wageni na Waasia, na kwa nini waraka ulikimbilia umiliki wa ardhi wa mtu binafsi badala ya kujenga juu ya ushirika wa ukoo. Alitaka pia serikali itumie kodi kupunguza pengo kati ya matajiri na maskini. Katika makala zote za mwaka huo kuhusu waraka huo, chache zilionyesha macho makali kiasi hicho. Sehemu kubwa ya aliyoyahoji yangali yakijadiliwa Kenya.

Lakini macho makali hayakumlinda na ulimi wake. Alikuwa na tabia ya kuwaambia wakubwa wake, mara nyingi glasi ikiwa mkononi, kwamba hawana akili ya kazi wanayoifanya. Alipitia kampuni ya mafuta, Benki Kuu, kisha shirika la maendeleo ya utalii, ambako kibarua chake kiliota nyasi mwaka 1970.

Katikati ya hayo palitokea msiba uliobadilisha nchi. Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi katika Government Road jijini Nairobi. Obama alikuwa amekutana naye mtaani muda mfupi kabla ya tukio hilo, na alikubali kutoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Njenga Njoroge. Kufanya hivyo wakati huo hakukuwa jambo jepesi kwa Mjaluo mwenye ajira ya umma. Oktoba mwaka huo ziara ya Rais Jomo Kenyatta mjini Kisumu, alipokwenda kufungua hospitali kuu mpya, iliishia kwa ghasia na askari kufyatulia umati risasi. Chama cha Jaramogi cha KPU kilipigwa marufuku, na kwa miaka mingi wasomi wa ziwani waliona milango ya serikali ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mlinzi wa Obama alikuwa kaburini Rusinga. Kwa mara ya tatu alikuwa nje ya orodha, na safari hii alikunywa zaidi.

Ndoa yake na Ruth Baker, Mmarekani aliyemfuata Kenya, ilivunjika. Ajali za barabarani zilimwachia majeraha ya miguu. Desemba 1971 alisafiri hadi Honolulu akitembea kwa mkongojo, akakaa mwezi mmoja na mwanawe wa miaka 10. Alimpa mpira wa kikapu. Hawakuonana tena.

Baadaye, katika miaka hiyo ya 1970, alirudishwa serikalini katika Wizara ya Fedha, ambayo waziri wake alikuwa Mwai Kibaki. Haikuwa nafasi ya mtu wa Harvard, lakini ilikuwa kazi, na waliofanya kazi naye walisema kalamu yake ilikuwa haijafifia. Alifariki katika ajali ya gari jijini Nairobi Novemba 24, 1982, kabla ya kufikisha miaka 50. Mwili ulisafirishwa hadi Kogelo.

Agosti 2006 mwanawe, aliyekuwa seneta wa Illinois, alizuru kijiji hicho, na shule ya sekondari ya hapo ikapewa jina la Senator Obama. Julai 2018, akiwa ameshamaliza vipindi viwili vya urais, alirudi kufungua kituo cha Sauti Kuu kilichoanzishwa na dadake, Auma, yule aliyekuwa tumboni ndege ilipoondoka mwaka 1959. Kituo hicho kina maktaba, mafunzo ya kazi za mikono, uwanja wa kandanda na uwanja wa mpira wa kikapu, na ni cha vijana wa kijiji hicho na vijiji jirani. Kaburi la Obama liko umbali mfupi kutoka hapo, katika boma la familia, kando ya lile la Onyango. Mama Sarah alizikwa katika boma hilo hilo Machi 2021.