Nana Asma'u na Kofia za Walimu Wake



Wahariri wamesema toleo hili ni la tuzo za wahadhiri wanawake, zile ambazo vyuo hutoa kwa cheti, ngao ya mbao na picha ya pamoja na wakuu wa chuo. Mimi nimeombwa maisha ya mtu mmoja. Nimemchagua Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio wa Sokoto, nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Nigeria. Alifariki mwaka 1864 na hakuwahi kuingia chuo kikuu, lakini kwa maoni yangu ni vigumu kumpata mtu aliyewatunuku walimu wanawake kwa namna yenye maana zaidi kuliko yeye. Aliwapa kofia. Nitaifikia hiyo kofia, ila kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa Degel mwaka 1793, pacha wa mvulana aliyeitwa Hasan. Kwa desturi ya kwao, msichana aliyezaliwa pamoja na Hasan huitwa Husaina. Baba yake aliiacha desturi akamwita Asma'u, jina la Asma binti Abubakar (r.a.), yule aliyempelekea chakula Mtume (s.a.w.) na Abubakar walipokuwa pangoni wakati wa hijra. Baadaye watu waliona kana kwamba mzee alijua kuwa binti huyu naye atahama.

Nyumba yao ilikuwa ya elimu. Shehu alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki na mtu wa tarika ya Qadiriyya, na aliwakemea waziwazi maulamaa wenzake waliosomesha vijana wa watu usiku na mchana huku wake zao na mabinti zao hawajui hata udhu. Kwake yeye hilo lilikuwa kosa la kidini, si aibu ya kijamii tu. Khadija, dada mkubwa wa Asma'u, aliutafsiri Mukhtasar wa Khalil, kitabu kizito cha fiqhi ya Maliki, kwa Kifulani. Asma'u mwenyewe alihifadhi Qur'ani, akaandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Kazi zake zilizokusanywa zinapita 60, na nyingi ni tungo za mashairi.

Februari 1804, mfalme wa Gobir alipowabana, Shehu na watu wake waliihama Degel kwenda Gudu. Asma'u alikuwa na miaka 10. Kilichofuata ni miaka ya vita, njaa, maradhi na kuhamahama. Ramadhani ya mwaka ule ule, katika mapigano ya Tsuntua, walipoteza watu wanaokadiriwa kuwa 2,000, na inasimuliwa kuwa 200 kati yao walikuwa wamehifadhi Qur'ani. Hebu fikiri: jamii changa inapoteza walimu 200 katika siku moja. Nadhani sehemu kubwa ya maisha ya Asma'u inaelezwa na hasara ile.

Hapa naomba niseme jambo kwa wasomaji wa Lilongwe ambao Dzaleka wanaisikia kwenye habari tu. Mimi nimekulia huko. Ni mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka mjini, katika wilaya ya Dowa. Palikuwa gereza, pakafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Pamekusudiwa watu 10,000 au 12,000, na sasa tumepita 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Mtu akisema msichana wa miaka 10 alihama na kitabu kichwani na miguu ikiwa imevimba, sisi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na tunawajua akina mama waliokuwa walimu huko Kivu au Bujumbura, waliofika bila cheti hata kimoja kwa sababu hakuna anayekumbuka cheti nyumba inapoungua. Hao ndio wanaosomesha watoto wetu alifu na bee barazani, alasiri, juu ya mkeka. Kwenye fomu ya ofisi yoyote wanaandikwa kuwa hawana kazi.

Turudi Sokoto. Mji huo ulijengwa mwaka 1809, na Shehu alipofariki mwaka 1817 mwanawe Muhammad Bello akawa khalifa. Asma'u alikuwa ameolewa tangu 1807 hivi na Gidado dan Laima, rafiki wa Bello, ambaye sasa akawa waziri. Kwa hiyo alikuwa binti wa Shehu, dada wa khalifa na mke wa waziri. Angeweza kukaa nyumbani akaheshimiwa kwa nasaba yake hadi kufa. Nasaba ilimsaidia, sikatai, lakini wenye nasaba walikuwa wengi na kazi hii aliianza yeye.

Kazi yenyewe ilitokana na tatizo. Vita vilikuwa vimewaacha wanawake wengi vijijini, wengine wa Gobir iliyoshindwa, wengine mateka wa makabila mbalimbali, ambao Uislamu hawakuufahamu na tegemeo lao lilikuwa bori, yaani ibada ya pepo. Wanaume wenye elimu hawakuwafikia. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuacha nyumba na shamba akasafiri siku nyingi kutafuta darasa. Asma'u akaligeuza jambo: darasa limfuate mama. Aliwakusanya wanawake waliopita umri wa kuzaa pamoja na wasichana ambao hawajaolewa, watu wenye nafasi ya kusafiri, wakaja Sokoto kwa makundi, wakafundishwa, wakarudi vijijini kufundisha. Waliitwa 'Yan-taru, yaani wale wanaokusanyika pamoja. Somo lilitungwa kwa mashairi mepesi ya Kihausa ili likae kichwani bila karatasi: tauhidi, tohara, sala, saumu, sira ya Mtume, tabia njema. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuwa mwalimu wa kweli, kwa kuwa alichokibeba kilikuwa kimehakikiwa na mwanachuoni. Makundi yalipokuja yalileta nafaka, asali, samli na nguo, na Asma'u aliwagawia wenye shida.

Kiongozi wa kila kundi aliitwa jaji. Kwetu neno hilo ni mtu wa mahakamani. Kwa Kihausa ni kiongozi wa msafara. Na jaji ndiye aliyepewa kofia. Iliitwa malfa, kofia ndefu ya ukili wenye ncha juu, ya aina iliyozoeleka kuvaliwa na wanaume. Asma'u aliifunga kitambaa chekundu, akamvika jaji kwa mkono wake. Sasa angalia alichokifanya. Kofia ya namna hiyo ilikuwa pia alama ya cheo cha Inna wa Gobir, mwanamke mkubwa aliyeongoza mambo ya bori. Asma'u hakubuni alama mpya ambayo ingebidi watu waelezwe. Aliichukua ile waliyokwisha kuiheshimu, akaiweka kichwani kwa mwalimu wa Kiislamu. Mama wa makamo akipita njiani na kofia ile, wasichana nyuma yake, kila aliyemwona alijua ni nani, ametumwa na nani na asiguswe. Haikuwa zawadi ya kazi iliyokwisha kufanyika. Ilimpa ruhusa ya kwenda kuifanya, na ilimpa hadhi mtu ambaye hakuwa na nyingine.

Tuzo zetu nyingi huenda kwa aliyekwisha kuonekana. Sizipingi. Mhadhiri aliyepanda hadi kuwa profesa huku akilea watoto anastahili ngao yake. Ila kama chama chetu kitaanzisha ya kwake, ningependa nyingine ipande basi kwenda Dowa.

Nisiseme habari nusu. Dola ya Sokoto ilijengwa kwa vita na iliendeshwa na watumwa, na baadhi ya wanawake waliofundishwa na 'Yan-taru walikuwa hapo kwa sababu walitekwa. Asma'u aliwapa elimu na nafasi katika jamii. Utumwa wenyewe hakuuondoa. Anayemsoma leo ayabebe yote mawili.

Bello alifariki 1837, Gidado akamfuata miaka kumi na kitu baadaye, na Asma'u akaendelea. Mwaka 1858 alifariki Hauwa, mmoja wa majaji wake wa mwanzo. Asma'u, aliyekuwa amewatungia maombolezo khalifa na mashekhe, akamtungia na Hauwa, mama wa kijijini. Anachomsifia ni kazi ya barabarani: kwamba misimu yote ya mwaka, jua na mvua, alikuwa njiani akiwaleta wanawake darasani.

Asma'u alipofariki, uongozi wa 'Yan-taru ulishikwa na mdogo wake Maryam, na makundi yakaendelea kuja Sokoto, jaji mbele na malfa yake. Jumuiya hiyo ipo hadi leo kaskazini mwa Nigeria, na Marekani wapo akina dada Waislamu waliojiundia ya kwao kwa jina lile lile. Allah amrehemu yeye na walimu wake.