Bibi Salme na Chumba kwa Babake

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Zama zile mabanati walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitorokea Aden. Huko mwaka 1867 alibatizwa, akaolewa, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 tramu ilimuua mumewe, akabaki mjane na watoto watatu. Alirudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi. Nduguye, Seyyid Barghash, hakumpokea. Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilichapishwa. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Jumba la ukoo wake la pwani, lililojengwa upya baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896, lilifanywa makumbusho mwaka 1994. Humo Bibi Salme alitengewa chumba.

Huenda msomaji akaguna: aliyeritadi arudishwe kwa babake? Mimi naona hukumu ya dini yake ni ya Mola. Letu sisi ni kutunza habari za jamaa, tamu na chungu. Mwana akinyea kiganja hakikatwi.